Mtani Hakufika Igalula

Kisarawe, 9 Juni 2024

Mtani wangu Mektilda,

Mwangaluka, kwa salamu ya kwenu. Hujambo, na goti lako, na watoto? Mimi mzima, ila sukari imepanda na daktari kaniambia nitembee kila siku, la sivyo ataniandikia dawa za maisha. Simu zangu hupokei mwaka wa pili sasa, ndiyo maana nimerudia kalamu kama enzi zile tunasoma uuguzi. Barua hii nampa kondakta wa basi la Tabora, ananifahamu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisema pale zahanati ya Igalula, zamu ikituchosha, kwamba tukistaafu tutachukua likizo ya kutembea kwa miguu, polepole, kama watu wenye nafasi zao? Basi tumestaafu. Nimefikiria sehemu mbili. Ya kwanza ni Lushoto: kuna baridi, njia za vilimani, na nyumba ya wageni ya masista ambako unakuta shuka zimepigwa pasi. Ya pili ni njia yenu ya misafara, Tura, Goweko, Igalula mpaka Kwihara. Huko ni tambarare, goti halitasumbua. Tunatembea mpaka saa nne, jua likipanda tunakaa. Mizigo inatangulia na bodaboda. Jioni maji ya moto ya kuoga, kitanda chenye neti, chai ya tangawizi. Tumelala sana kwenye sakafu za watu wakati wa chanjo, safari hii nataka godoro.

Mimi moyo unapenda njia yenu. Babu zako walibeba pembe za watu mpaka kwetu, wakaiona bahari wakauliza nani amemwaga maji yote haya. Sasa zamu ya Mzaramo kurudi bara abebewe. Chagua wewe, mimi nitafuata. Agosti hakuna mvua.

Mtani wako,
Mwanamkuu


Igalula, 22 Septemba 2024

Mwanamkuu,

Salamu. Sijambo, watoto wazima, goti linauma. Agosti imepita, nimeiacha ipite makusudi.

Umeandika kurasa mbili za shuka na tangawizi, na jina la Revocatus halimo hata mara moja. Nilimzika mume wangu Machi mwaka jana, na mtani wangu wa miaka thelathini hakufika. Ulituma rambirambi kwenye simu na maneno "pole sana mpendwa", kama karani. Mimi sikutaka pole. Nilitaka mtu wa kulala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo. Nilitaka mtu avae koti la marehemu atembee kama yeye, kifua mbele, watu wacheke na mimi nicheke, maana machozi yalikuwa yamenifika hapa. Nilimwomba padre asubiri basi la mchana. Tulikusubiri mpaka saa tisa, kisha padre akasema mama, tumzike mzee.

Na sikiliza lililonipata. Wakati wa kutupa udongo akasogea mwanamke nisiyemjua. Baadaye niliambiwa anaitwa Dafrosa, wa Bukene. Alikuwa na binti wa miaka kama minane mwenye masikio ya Revocatus, yale yale. Wakatupa udongo kabla yangu. Shemeji zangu wakatazama viatu vyao. Jambo kama lile mwenye ruhusa ya kulisema ni mtani peke yake. Angelisema, watu wangecheka, nami ningepata pa kushika. Badala yake nilisimama pale kama nguzo ya simu. Aibu ile ninayo mpaka leo, na hasira yake nimeielekeza kwako, kwa sababu pengo lilikuwa lako.

Njia si tatizo. Kutoka Tura mpaka hapa nitatembea, na goti langu hili hili, na kusema kweli nimekukumbuka, hapa sina wa kuongea naye. Lakini sitapiga hata hatua moja na mtu ambaye hajaniambia kwa nini hakuja kunizikia. Nijibu hilo, halafu nitachagua.

Mtani wako, kama bado,
Mektilda


Kisarawe, 30 Novemba 2024

Mtani wangu,

Salamu nyingi. Kalamu imekuwa nzito, nimechana karatasi nne. Afya yangu si mbaya.

Nitakujibu. Sikuja kwa sababu Revocatus alinikataza. Ile sendofu ya Bertila wako, mwaka 2019, nilipopewa kipaza sauti niwatanie, nilisema Mnyamwezi hakosi mzigo, na huyu wetu, wake ameutua Bukene, kila mwisho wa mwezi anakwenda kuukagua. Ukumbi mzima ukacheka. Baadaye akanifuata nyuma ya jiko, akaniambia: "Siku nikifa usikanyage kwangu." Mektilda, mtani hakasirikiwi, wewe unajua. Mtu akikasirikia utani ujue umegusa kidonda. Nami neno la mtu kuhusu mazishi yake niliogopa kulivunja.

Lakini hiyo ni nusu. Ukweli ni kwamba nilijua kabla. Mwaka 2015, tulipoazimwa Bukene kwa kampeni ya chanjo na wewe ukiwa likizo, aliletwa mtoto mchanga. Nilipofuatilia kadi yake nyumbani nikamkuta Revocatus kibarazani, amevua viatu, amempakata. Alinisihi nisiseme. Nikanyamaza. Nilijiambia nakulinda, nyumba yako isivunjike watoto wakiwa shule. Na ule utani ukumbini ndiyo ilikuwa njia yangu ya kukwambia. Nilidhani utasikia.

Nisamehe. Mvua zikiisha, Mei, tutembee hata siku mbili tu, Goweko mpaka kwako. Nitakueleza yote njiani, na kaburini nitafanya kazi yangu iliyonipita.

Mtani wako,
Mwanamkuu


Igalula, 2 Februari 2025

Mwanamkuu,

Sijambo. Hiyo sukari iangalie. Daktari amekwambia kweli, tembea.

Niliahidi nikipata jibu nitachagua. Nimechagua Lushoto, uende wewe na binti yako Najiat. Mimi sitakwenda na wewe kokote.

Revocatus nimemsema vya kutosha kaburini kwake, hana wa kumtetea. Dafrosa sina ugomvi naye, naye alidanganywa kwa namna yake. Wewe ndiye nimeshindwa. Kuanzia mwaka huo wa chanjo mpaka ulipostaafu ni miaka sita. Miaka sita tumekunywa chai ya chupa moja, nikikusimulia mume wangu ananunua shamba Bukene, nawe unaniuliza ekari ngapi. Uliniuliza ekari ngapi, Mwanamkuu.

Unasema uliniambia kwa utani. Hukuniambia mimi. Uliwaambia watu mia mbili, na mimi nikiwemo, wa mwisho kuelewa. Shemeji zangu walikuwa wakicheka huku wananitazama, nami nikadhani wananitazama kwa kuwa ni mama wa bibi harusi. Angalau wao kwenye mazishi waliona haya. Na mimi nilicheka kuliko wote ukumbini. Nilicheka mpaka nikavua kitenge changu kipya, kile cha njano, nikaja mbele kukutunza. Nilikufunga kiunoni kwa mikono yangu mwenyewe, wanawake wakapiga vigelegele. Ukakipokea. Ukacheza nacho.

Kitenge hicho nakitaka. Mpe kondakta yule yule, nitakifuata mwenyewe stendi ya Tabora. Usiweke barua ndani yake.

Mama Bertila