Samli ya Mama

Jumapili, 5 Novemba 1995

Nimeota viwavi. Kweli kabisa! Viwavi vile vya Mpulungu, vimekaangwa kwa chumvi na nyanya, vinavunjika mdomoni kama bisi. Nimeamka mate yamejaa.

Kichekesho ni kwamba muda wote niliokaa Mpulungu, kule Zambia, nikichonga vitanda vya watu, nilikuwa naota michembe ya mama. Mtu mzima, fundi seremala, nimelala nchi ya watu nawaza viazi vikavu! Sasa nimerudi Mpanda, michembe ipo chungu kizima, na mimi naota viwavi. Tumbo langu halina uzalendo hata kidogo.

Leo mama katupikia ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, na juu yake samli. Samli yake mwenyewe, ya ng'ombe wa mjomba walioko Kasekese. Imekaa kwenye kibuyu mpaka imekuwa na harufu ambayo mtu akiisikia anajua hapa ni kwa Wasukuma. Mimi nililamba vidole. Bwalya, mke wangu, alikula matonge mawili akasema ameshiba. Ana mimba, ya kwanza. Mama akamtazama, akamwongezea samli.

Jumanne, 7 Novemba

Bwalya hajala tena. Nikamuuliza kwa Kibemba, tukiwa chumbani, tatizo nini. Akasema ni harufu ya samli. Ikimfika tu, tumbo linageuka. Zamani aliiweza, mimba ndiyo imekataa.

Nikamuuliza sasa unataka nini. Macho yakamng'aa! Chikanda. Kile chakula cha kwao cha mizizi ya porini na karanga, kinakatwa vipande kama nyama. Mama yake alikuwa anapika kila Jumamosi. Mimi mara ya kwanza nilipokula niliapa ni maini. Wakacheka nyumba nzima, na nadhani siku ile ndiyo waliyoamua kunipa binti.

Nikamwambia, mweleze mama kuhusu samli. Akasema nimweleze mimi, ni mama yangu.

Sikumweleza. Ningeanzaje? Kwetu mjamzito analishwa samli ili mtoto atoke na nguvu, na mkwe wa mimba ya kwanza anakula chungu kimoja na mama mkwe. Mama ametoa akiba ambayo hata padri hajaionja. Sasa nimwambie inanuka? Nitamwambia wiki ijayo.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepata dawa! Mgahawa wa Kasimu uko hatua chache kutoka karakana yangu. Nimenunua wali na maharage, nimefunga kwenye mfuko, nimeficha ndani ya sanduku la randa na misumeno, nimepitia nyuma. Bwalya amekula amekaa kitandani, mlango umefungwa, anacheka na wali mdomoni. Baadaye akatoka akamwambia mama hana njaa, asante.

Nimejiona mjanja sana.

Jumatatu, 13 Novemba

Bwalya uso umeanza kujaa. Leo chapati na supu. Kasimu kashanizoea, kabla sijasema ameshafunga.

Akanitania mbele ya wateja: fundi, siku hizi mama hapiki? Nikamjibu, mama anapika sana, ila mke wangu anaogopa chungu chake! Watu wakacheka. Nami nikacheka. Redioni ni uchaguzi tu, uchaguzi, hata utani kidogo unasaidia.

Mvua imenyesha mchana wote. Mbao hazikauki.

Jumamosi, 18 Novemba

Msiba kwa jirani yetu Generosa. Mjukuu wake, mtoto mdogo aliyekuwa anakuja karakana kuokota maranda ya kuwashia moto. Homa. Wamemzika jana. Roho inaniuma sana.

Mama hakulala vizuri. Asubuhi akachemsha michembe na karanga, chungu kikubwa kile cha sherehe, akajitwika mwenyewe mpaka kwa Generosa. Mimi nilikuwa na wanaume nje, chini ya turubai. Nikawaona wanawake wanampokea, wanashukuru, wanakisogeza chungu chini ya benchi. Vyakula vingine vikapita, wali, makande, vikaliwa vikaisha. Cha mama kikabaki pale pale. Hakuna aliyekifunua.

Jioni akarudi nacho kimejaa. Akasema labda walikuwa wameshiba. Nikasema, ndiyo mama, labda.

Nani anashiba msibani?

Jumatatu, 20 Novemba

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Telesphor, amekuja karakana. Akaanza kukagua kigoda ambacho hahitaji. Akakigeuza juu chini. Nikajua ana neno.

Akasema kuna maneno mtaani. Kwamba mkwe wa Minza, yaani mama yangu, hali chungu cha Minza. Kwamba kila siku analetewa chakula cha mgahawa kwa siri, kinapitia nyuma. Kwa nini? Mkwe analala nyumba moja naye, kuna kitu ameona. Halafu mtoto wa jirani anakufa. Na macho ya Minza mnayaonaje?

Nikapiga kelele. Macho mekundu ni moshi! Anapikia kuni mbichi, mvua inanyesha! Telesphor akasema, taratibu fundi, mimi najua ni moshi, nakwambia wanachosema wao. Kisha akasema lile lililonimaliza. "Na wanasema mwanae mwenyewe ndiye aliyetamka, pale kwa Kasimu. Kwamba mkewe anaogopa chungu."

Utani! Ulikuwa utani wa samli!

Akakiweka kigoda chini, akaniambia nifanye jambo, na nifanye mapema.

Mwaka jana nilikuwa bado Mpulungu, lakini hata kule habari ilinifika ya yule bibi wa upande wa pili wa mji, waliomfuata shambani na mapanga. Naye walisema macho mekundu, mchawi. Sitaki kuandika zaidi. Nimekata ubao mzuri wa mninga pabaya, nimeuharibu.

Jumatano, 22 Novemba

Nimewaambia wote wawili, mama na Bwalya.

Bwalya kwanza alilia. Hakujua. Kwao mjamzito akikataa chakula watu wanasema ni mimba, basi. Halafu akakasirika, akanipiga kifuani kwa ngumi. Kwa nini hukumwambia mama yako kuhusu harufu? Neno dogo namna hiyo? Nilikuwa naona aibu, ndiyo jibu, lakini halifai kusemwa.

Mama alikuwa anachambua mtama kwenye ungo. Nikamwambia aende Kasekese kwa mjomba, akakae mpaka yapoe. Hakuinua kichwa.

"Nikikimbia nimekubali."

Alikuwa anajua! Tangu siku ya msiba anajua. Chungu kilimwambia. Akaniuliza swali moja tu, kweli nilisema mke wangu anaogopa chungu chake? Nikasema ndiyo mama, nilikuwa natania. Akaendelea kuchambua. Mawe huku, mtama huku. Nilitamani anitukane.

Baadaye akasema, "Kumbe ni samli. Mngeniambia nyie, ningeacha. Mimi nilidhani mtoto wa watu hanipendi."

Nikatoka nje. Nimelia nyuma ya choo, mwanaume mzima.

Alhamisi, 23 Novemba

Mama alipika bila samli leo. Bwalya akala vizuri, lakini ndani, na hilo halisaidii chochote. Nani ameona?

Ni yeye Bwalya aliyelisema. Lazima ale uani, sinia moja na mama, watu wakiwepo. Na lazima samli iwepo, kwa sababu mtaa mzima unajua Minza hapiki bila samli. Ikikosekana watasema mkwe amepikiwa chake. Mama akakataa, atamwumiza mtoto tumboni. Bwalya akasema mtoto ni wake.

Nilikaa katikati yao nikitafsiri, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Ijumaa, 24 Novemba

Asubuhi tumekuta alama ya mkaa ukutani kwa mama, upande wa dirisha lake. Msalaba, au mshale, sijui. Mama akaifuta kwa tambara na maji, akaendelea kufagia uwanja. Nikaenda kwa Telesphor. Anasema atawaambia sungusungu wapite pite. Lakini sungusungu wenyewe ni akina nani? Ni hao hao wa kwa Kasimu.

Sijaenda karakana.

Jumamosi, 25 Novemba

Bwalya ameenda mwenyewe kwa Generosa. Nilimwambia nitamsindikiza, akakataa. Alijifunga khanga mbili, akaenda na Kiswahili chake cha kuokota. Aliporudi nikamuuliza wamesemaje.

Akasema amemwalika chakula kesho baada ya misa. Generosa alikuwa anaanua nguo za marehemu kwenye kamba. Akasema atakuja aone mwenyewe. Hakusema atakuja kula. Aone.

Simchukii Generosa. Ningekuwa mimi nimezika mjukuu, ningetafuta mtu pia.

Jumapili, 26 Novemba

Wamekuja! Generosa na wanawake wawili wa jumuiya yake. Mama alitandika mkeka uani, mahali ambapo kila apitaye barabarani anaona. Ugali wa mtama, nsansa, kuku. Na samli, inang'aa juu ya kila kitu. Mimi nilikaa mbali kidogo, nanoa patasi ambayo ni kali tayari.

Bwalya alinawa wa kwanza. Alimega tonge, akachovya kwenye samli ile ile, akala. Akamega lingine. Alikuwa anaongea na kucheka, anauliza majina ya vitu kwa Kiswahili, anajifanya hajui hata yale anayoyajua. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Generosa alikuwa anamtazama koo. Simsingizii, koo! Kila tonge lilipopita, macho yake yalishuka nalo.

Mama alikula upande wake wa sinia. Wale wanawake wawili wakala. Mwisho Generosa naye akamega, dogo, akaliweka mdomoni kama anayepokea dawa. Akameza. Wakanawa, wakaaga. Hakusema neno baya wala zuri. Nikawasindikiza mpaka barabarani.

Niliporudi Bwalya alikuwa anatembea kuelekea nyuma ya jiko. Polepole sana, kwa sababu watu walikuwa bado wanapita. Akageuka kona. Nikasikia. Chakula chote.

Nilisimama kama gogo. Mama alinipita. Umri ule, alinipita mbio! Nilipofika alikuwa amemshika mke wangu paji la uso kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anachota majivu ya jikoni kwa kigae, anamwaga juu ya yale matapishi. Anachota, anamwaga. Bwalya alikuwa anasema mayo, mayo, nisamehe. Kwao mama ni mayo, kwetu ni mayu.

"Nyamaza, ng'wanawane," mama akamwambia, yaani mwanangu. "Tema yote."

Akamfuta mdomo kwa pembe ya khanga yake, akakanyaga majivu kwa mguu mpaka yakalala sawa na udongo.

Halafu hodi. Mbele, uani. Sauti ya Generosa, amesahau mwavuli.

Sijui kama kweli alikuja na mwavuli. Asubuhi jua lilikuwa linawaka.

Nimeingia chumbani. Siwezi kuangalia. Naandika hapa dirishani ili mikono ipate kazi, pazia nimelishusha lakini kila kitu nakisikia.

Generosa anauliza, mkwe anaumwa? Alikuwa nyuma kule anafanya nini?

Mama hajui kudanganya, hajawahi.

Bwalya ndiye anayejibu. Sauti yake nzuri, haitetemeki. "Siumwi, jirani. Nilienda kuchukua kuni. Mimi bado na njaa, mtoto anakula sana. Mayo, imebaki?"

Kisha nasikia mfuniko wa chungu. Harufu ya samli imefika mpaka huku chumbani.

"Imebaki," mama anasema. "Karibu tena jirani, kaa."

Nimeinua pazia kidogo. Generosa amekaa, mwavuli hana. Mama ameweka sinia katikati, na mkono wake mmoja uko mgongoni kwa Bwalya, chini, mahali Generosa haoni. Bwalya anamega tonge. Anachovya. Kubwa.