Injini Juu ya Kichwa Yangu

Ndululu rafiki yangu, Irungu ametaka kuniua! Bosi wangu mwenyewe!

Ile boti ya ziwa Naivasha tunatengeneza hapa gereji yetu ya Laini Saba, injini ilikuwa imetolewa, inaning'inia kwa kamba. Mimi niko chini yake, ndani ya boti, nasugua oil. Nikadunga mbao ya sakafu na bisibisi, ikaingia yote. Imeoza! Na Irungu aliapa ati ameweka mbao mpya.

Nikaita Kabiru, mwenye boti, akuje aone.

Irungu akashika kamba: "Nyamaza ama niiachilie!"

Nikadhani ni mchezo. AKAACHILIA!

Nimeruka, imenichuna mgongo, damu mpaka kwa viatu. Injini imetoboa boti ikaingia kwa matope.

Kabiru akachungulia shimo. "Mbao mpya, Irungu?"

Akaokota nyundo.

Nimejificha kwa kinyozi, na bado nasikia nduru za Irungu.