Mlango wa Bluu wa Luvungi

Papa Shukuru,

Tangu tukuzike, siberi yako ya Kimanga, kile chumba chako cha kompyuta na internet, iko wazi kila siku. Kiti chako sijakikalia, nimekipangia marundo ya karatasi ili na wengine wasikikalie. Usinicheke.

Juzi asubuhi alikuja mama mmoja wa Kiringye. Fomu ya binti yake ya masomo ya uuguzi ilipaswa kufika kabla ya saa sita, siku ile ile. Nikawasha mashini, alama ya chini ikasema hakuna internet. Nikachomoa waya, nikarudisha. Ile ile tu. Mama akaanza kukunja karatasi zake, na minye nilikuwa karibu kumwambia aende.

Halafu nikakukumbuka. Wiki yangu ya kwanza ulinieleza kwamba mashini haioni internet. Inatuma swali dogo mbali, swali ambalo jibu lake inalijua tayari. "Ni kama namutuma mutu wa pikipiki Luvungi, amuulize dada yangu mlango wa mama yetu uko rangi gani. Minye najua ni bluu. Akirudi na bluu, barabara iko wazi. Akirudi na kijani, kuna mwingine amemjibu njiani." Nikauliza: na akirudi bila jibu? Ukanitazama juu ya miwani. "Labda barabara imekatika. Labda dada yuko shambani. Mbona weye unaamini alama tu, mutoto? Jaribu mwenyewe."

Basi nikajaribu. Nikafungua ukurasa wa ile shule, na ukafunguka. Kumbe barabara ilikuwa wazi, dada tu ndiye alikuwa shambani. Fomu ikaenda, na saa tano na nusu likarudi jibu kwamba imepokelewa. Mama yule alinishika mikono yote miwili akinishukuru, nami niliona haya, maana shukrani zile zilikuwa zako. Sijapata mwalimu mwingine wa kueleza kitu kikakaa kichwani namna ile.

Kuna jambo sikukwambia. Ule mlango nilidhani umeutunga. Siku ya kukuzika ndipo nilifika kwenu Luvungi mara ya kwanza, dada yako akanipokea. Ni bluu, Papa. Umechujuka kule chini, lakini ni bluu. Nililia pale mlangoni kuliko nilivyolia kaburini.

Pumzika sasa. Atakayekuja kujifunza kwangu nitamfundisha kwa mlango ule ule. Na mvua zikiisha nitapanda hadi Luvungi na kopo la rangi ya bluu, niupake mwenyewe, jibu lisije likabadilika.

Mutoto wako wa kazi