Kiti cha Karani

Babu, shikamoo. Mjukuu wako ninayekuzidi sura nimefika Kilwa salama, na pweza wa kukaanga nimeshamla kwa niaba yako na ya Bibi, mke wangu.

Jengo hilo kwenye picha niliyokutumia ndilo lile boma ulikosimamishwa kutwa nzima mbele ya karani, kofia mkononi, mpaka miguu ikavimba. Siku hizi ni makumbusho. Meza ya karani ipo, na kiti chake kipo, kimezungushiwa kamba. Nikairuka kamba.

"We kaka, hakikaliwi hicho!" akapiga kelele dada anayetunza chumba.

"Nakaa kwa niaba ya babu yangu wa Kipatimu," nikamjibu, nikamsimulia habari yako yote, na chumvi nikatia kidogo. Akacheka. Akachungulia mlangoni, akaninong'oneza, "Haya, kaa upesi kabla mkubwa hajarudi."

Nikainama nikae, halafu nikasita. Miguu iliyovimba haikuwa yangu.

"Dada, nitunzie kiti," nikamwambia. "Mwenyewe namleta."

Kakubali. Kwa hiyo usinianzie habari za goti wala barabara mbovu, maana Jumamosi nakuja na pikipiki, na ukigoma nitakufunga mgongoni kwa khanga ya Bibi kama mtoto. Mpe Bibi salamu za mume wake kijana. Mungu akuweke mzima mpaka nifike.

Na kofia uivae huko huko nyumbani. Ukiingia humu, usimvulie mtu.

Mume mwenzio,
Shabani