Wanataka Duka Langu la Vitabu Lipokee Mizigo Yao

Jumatatu. Baridi ya leo hapa Ruhuwiko, Songea, inauma mpaka kwenye meno, na moyo wangu nao haujatulia.

Fausta mwanangu, najua unaisoma shajara hii ninayoiweka mtandaoni, huko Dodoma, hata kama wengine hawaisomi. Baba yako hajambo, ni goti tu. Bibi yako hajambo, anasema hajasikia shikamoo yako siku nyingi. Mdogo wako Neema hajambo, anakusalimu sana.

Mimi sijambo kidogo.

Siku hizi watu wanaingia dukani kwangu, wanafunua kitabu, wanapiga picha jalada, wanasema, "Nitarudi, mama." Hawarudi. Wanaagiza kwenye lile duka kubwa la mtandaoni, kitabu kinakuja na basi.

Leo wakala wa duka hilo kaja, anachekacheka. Anataka mizigo yao yote ya Songea ishukie kwangu, wateja waje kuichukua hapo. "Mama, watu watajaa humu!" Watajaa, ndiyo, wakibeba vitabu ambavyo hawakununua kwangu.

Nikampigia mchapishaji wa Dar, yule anayenipa vitabu kwa mali kauli, nauza kwanza ndipo namlipa. Akawa mkali: nikipokea mizigo ya wale, vitabu vyake nisahau.

Sasa sikia. Juzi mwalimu mmoja alifungua mzigo wake mbele yangu. Kitabu cha mchapishaji huyohuyo, tena kwa bei ya chini kuliko bei ya jumla ninayouziwa mimi! Wamekipataje? Ama wanakubali hasara ili sisi tufe, ama mchapishaji kawafungulia mlango wa nyuma huku mimi ananitisha.

Nawashuku wote wawili.

Soko la mahindi lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja kwetu Maposeni na bei tamu. Chama cha ushirika kikakosa mahindi, kikafa. Baada ya hapo wakatupangia bei waliyotaka, mahindi yakiwa tayari kwenye magunia. Sijasoma sana, lakini hilo nililiona kwa macho yangu.

Baba yako anasema nikubali, tusiringe. Jioni kaingia na kofia mpya, mbele ina jina la duka lile la mtandaoni. Kumuuliza, ananiambia, "Nimepewa tu, mama Fausta, kwani kofia ni dhambi?"

Wakala anarudi Alhamisi. Nikikataa, atampa jirani anayeuza simu, na mimi nitabaki na vitabu visivyonunuliwa. Nikikubali, mchapishaji ataninyima vipya.

Nijibu upesi mwanangu, kabla hajarudi. Piga simu hii yangu. Ya baba yako usipige.