Feni Mbili za Kadi ya Picha

Jumatatu, 7 Oktoba

Glory kanyonya, kalala. Nimeanza kutoa video ya harusi niliyomaliza kuihariri. Imefika nusu, kompyuta ikazima. Mara ya tatu leo. Nimegusa pembeni, moto kama pasi. Ni kadi ya picha, ile inayobeba kazi yote ya video. Kifeni chake kimekufa. Nimechoka.

Jumamosi asubuhi baba wa bibi harusi anarudi Simanjiro na flashi. Mama mzazi wa huyo mzee ni mgonjwa, hakuweza kuja harusini. Anasubiri kumwona mjukuu wake alivyopendeza. Nilimwahidi mzee kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumanne, 8 Oktoba

Kifeni cha kufanana hakuna mjini. Fundi anasema niagize Arusha, nisubiri wiki mbili. Sina wiki mbili. Kanipa feni mbili kubwa za kompyuta iliyokufa.

Mama mkwe kaja kutoka Mutuka kunisaidia mtoto. Kabla hajakaa kasema nyumba ina vumbi. Kweli ina vumbi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeng'oa kifeni kibovu. Nimesugua vumbi kwa mswaki wa zamani. Feni mbili nimezifunga juu ya kadi kwa vikamba vya plastiki. Kwanza nilizifunga kinyume, zikawa zinapuliza nje. Nikazigeuza. Sasa kadi imenenepa, mfuniko wa pembeni haufungi. Nimeuacha wazi.

Joto lilikuwa linapita nyuzi tisini. Leo sitini na nane! Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Imezima tena.

Nilianzisha video, nikatoka kufua nepi. Narudi, skrini nyeusi. Nimelia kidogo. Halafu nikaona. Mama mkwe kaifunika kompyuta yote kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, maua ya pinki, mpaka chini, feni zimo ndani. Kwake redio inafunikwa, runinga inafunikwa, hata jagi.

"Mama Glory, kitu cha thamani unakiacha uchi hivi?"

"Mama, hiki kinapumua. Ukikifunika kinakufa."

"Na vumbi je?"

Nikakunja kitambaa vizuri, nikampa mkononi, nikamwomba asikirudishe. Tumekula ugali harakaharaka. Nimejisikia vibaya, lakini sirudi nyuma.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeamka, namkuta Mama anakata chandarua kilichochakaa. Kaniuliza bila kunitazama, "Na hiki nacho kitaiua?"

Nimekishika mbele ya feni. Hewa inapita. Kapinda kingo kwa sindano, mimi nimekibandika kwenye uwazi wa pembeni. Hewa inaingia, vumbi linabaki nje. Sikuliwaza hilo.

Nimeanzisha video saa nne. Mama kakaa karibu na kompyuta, Glory mgongoni, kama mlinzi wa benki. Hata mimi kanifukuza. "Toka hapo, unaizibia hewa." Saa nane mchana video imeisha yote. Haikuzima hata mara moja. Tumeicheza mwanzo mpaka mwisho. Mama kalia pale bibi harusi anapoaga.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mzee kaja mapema. Nimemwamkia, nimempa flashi. Kaifunga kwenye pindo la shuka, mafundo mawili, kaondoka.

Mama kakung'uta chandarua mlangoni. Kimejaa vumbi jekundu la siku moja tu. Kanionyesha, kisha kakirudisha mahali pake. Kitambaa cha maua nimekitandika juu ya kiti changu cha kazi.

Sina kazi nyingine leo. Glory kalala karibu na feni, anapenda mlio wake. Kompyuta sijaizima.