Jina la Mjomba Nazari Halikukubali Kufutika

Lipangalala,
Ifakara.
4 Mei 2025

Mpendwa dada Merina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Geita, wewe na wanao, na kile kifua chako kimetulia. Sisi tupo, mvua inatupiga lakini tupo. Mama miguu bado inamsumbua na bado hasikii la mtu.

Najua umeizima simu kwa sababu yetu, tangu mafuriko yalipomchukua baba yako shambani, tukasema tuanue matanga yake bila mwili. Ulisema humlilii mtu ambaye hujamwona amelala. Sikulaumu. Ndiyo maana nimekaa kuandika kwa mkono kama enzi za bibi, na nimempa Bibiana, anayesafiri kuja huko, akukabidhi wewe mwenyewe. Tafadhali kaa chini kabla hujaendelea.

Unajua nilipata kazi kwenye ule mradi wa tahadhari ya mafuriko. Mto ukipanda, kompyuta inamtumia meseji kila aliyehamia shambani kwa msimu, tena kwa jina lake: ndugu fulani, mto unapanda, hama. Majina yamepangwa shamba kwa shamba, kufuata mto unavyoshuka, na mimi ndiye ninayeyaongeza na kuyaondoa.

Lo, dada, hiyo kompyuta! Skrini nyeusi tii, hakuna kipanya, hakuna pa kubofya. Alex, fundi wetu, aliniambia humo herufi ni amri. Ukitaka kuandika, kwanza ubonyeze i. Ukimaliza, Esc. Kufuta mstari mzima, d mara mbili. Kuhifadhi na kutoka, nukta mbili, w, q. Mwanzoni nilikuwa natoka jasho kama mpishi wa harusi.

Basi ofisi wakaniambia niondoe jina la baba yako, mjomba Nazari. Nikabonyeza d mara mbili, likapotea kimya kimya. Nikajisikia vibaya. Mtu mzima anaondokaje hivyo, hata neno hakuna? Vidole vikaandika vyenyewe: pole. Nikafanya ishara ya msalaba, nikahifadhi, nikatoka. Mtandao ulikuwa unajikokota, hata sikuona skrini imeonyesha nini.

Asubuhi nafungua, mjomba yupo. Ila si pale alipokuwa. Ameshuka mstari mmoja, na chini yake pameandikwa "le", basi. Nikaifuta ile le, nikamfuta na yeye, nikamwambia pole tena. Kesho yake ameshuka tena. Akawa anashuka hivyo hivyo, jina baada ya jina, mpaka alipofika chini ya jina la mzee Festo nikaogopa, nikamwacha hapo. Sikumwambia mtu, wangesema nimerukwa na akili.

Ndipo mto ukapanda, meseji zikaenda kwa wote, naye akiwemo. Mchana ule simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Mayunga, mfugaji wa Kisukuma anayechunga huko chini. "Dada, huyu Nazari mnayemwambia ahame, hawezi tena kuhama."

Alimkuta maji ya mafuriko yale ya kwanza yalipopungua, kitochi chake, ile simu yake ndogo, kimefungwa kwenye nailoni shingoni, kama alivyokifunga kila alipovuka maji. Aliogopa kusema, watu wasije wakadai mfugaji kaua mkulima. Akamfunika vizuri kwa matete, akakichaji kile kitochi kwa sola yake, akingoja mmoja wetu apige, mpaka ikaingia ile meseji. Na sisi, dada, tulikuwa tumeshaacha kupiga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alikuwa nyuma ya shamba la mzee Festo.

Nilipomweleza Alex alicheka, kisha akaacha kucheka. Kumbe p inarudisha ulichokifuta, mstari mmoja chini zaidi. Halafu o inafungua mstari mpya, ndiyo ile le ikabaki peke yake. Kwa hiyo ni pole yangu iliyokuwa ikimrudisha. Haya, nimeelewa. Lakini kwa nini nilimwacha pale pale kwa mzee Festo, hilo halimo kwenye amri za Alex, na mimi sitaki kulitafuta.

Baba yako yuko mochwari, dada. Pole sana. Hatutamzika bila wewe, mama ameapa hivyo mbele ya paroko.

Mzee Festo na mkewe Tekla wanakusalimu. Mayunga naye ameomba nikusalimie, na kama hutajali, angependa kuja kuzika. Wasalimie wanao, uwaambie mama yao mdogo anawaombea.

Kitochi polisi wameturudishia, kipo juu ya kabati, na mama anakichaji kila siku. Jina la mjomba bado sijalifuta. Sasa najua namna, ila mkono unakataa. Jana mto ulipanda tena. Tulikuwa tunakula, kikalia. Ndugu Nazari, mto unapanda, hama. Wote tuliacha kula, hakuna aliyeinuka. Njoo, dada. Njoo ukizime wewe, sisi hakuna anayethubutu.

Mungu akushike mkono njia nzima.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Paskalina